Dume Mzee, Jike na Mgawo: Dhana Potofu Kuhusu Kanuni za Uwindaji

Arusha ni mji wa wanyamapori hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga hifadhini. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana makao makuu hapa, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, vilevile, kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii zina ofisi na gereji zao hapa, na wageni wao hushukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Msimu ukifunguliwa Julai mosi, kila mtu ana neno, na kanuni zikibadilishwa maneno huzidi. Mengi nayasikiliza kwa uchungu, kwa sababu yanahesabu vichwa tu: wamepigwa wangapi, wamebaki wangapi. Lakini kanuni ya uwindaji inaamua pia nani anabaki, wa jinsia gani na wa umri gani, na hapo ndipo kundi linapokua au linapokwisha.

"Wakipiga marufuku uwindaji, wanyama watajaa tena"

Hili tulishalijaribu. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya iliufunga 1977 na haijaufungua mpaka leo, ukiacha ndege. Utafiti uliofuatilia sensa za nyanda za malisho za Kenya kuanzia 1977 hadi 2016 ulikuta wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Si kwamba marufuku ndiyo iliyowaua. Waliomalizwa walimalizwa na mashamba, uzio, mifugo kuongezeka, ukame na ujangili, na marufuku haikugusa hata kimoja kati ya hivyo.

Nasi tulioendelea kuwinda hatuna cha kujivunia. Mwaka 2009 tembo wa nchi nzima walikadiriwa kuwa takriban 109,000. Sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000. Hao waliangushwa na majangili wa pembe. Anayepiga kelele "fungeni" na anayepiga kelele "fungueni" wote wanaitazama bunduki yenye leseni peke yake, wakati hasara kubwa inatoka kwingine. Nitarudi hapo.

"Majike yakilindwa inatosha, dume mmoja anahudumia kundi zima"

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba jike ndilo linalozaa, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 inakataza kumuua jike mwenye mimba, anayefuatana na mtoto, au mnyama mchanga. Uwindaji wa kitalii kwa kawaida hulenga madume. Ila mtu akitoka hapo akasema madume yote ni ziada, amekosea, na kuna mfano wa kutisha. Swala saiga wa nyika za Urusi na Kazakhstan waliwindwa kwa ajili ya pembe, na wenye pembe ni madume peke yake. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba madume wazima walipopungua mno kulinganisha na majike, mimba zenyewe zilikosekana. Majike walikuwepo, malisho yalikuwepo, watoto hawakuzaliwa.

Kisha kuna suala la umri, na hapa kila mnyama ana habari yake.

Chukua nyati. Dume mzee aliyeachana na kundi, anayekaa na wenzake wawili watatu kwenye matope karibu na mto, kwa sehemu kubwa amemaliza kazi ya kupanda majike. Mwindaji bingwa mzuri, yule anayewaongoza wageni, humtambua kwa kuangalia paji la kichwa, pale pembe mbili zinapokutana. Kwa dume kijana sehemu ile bado ni laini, ina nywele, na ufa kati ya pembe unaonekana wazi. Kwa mzee imekuwa ngumu kama jiwe, imepaukapauka, ncha za pembe zimelika. Kumpiga huyo wa pili hakuliumizi kundi sana. Kumpiga wa kwanza, kwa sababu tu pembe zake zimetanuka vizuri kwa picha, ni kuondoa dume ambaye ndiyo kwanza anaingia kazini.

Simba ni habari nyingine. Dume wa simba akiuawa akiwa na familia, madume wengine huja kuitwaa, na kwa kawaida huwaua watoto waliowakuta. Risasi moja inaondoka na watoto ambao hawakuwemo kwenye leseni yoyote. Ndiyo maana utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliotokana na kazi ya miaka mingi Serengeti na Ngorongoro na kuchapishwa 2004, ulipendekeza apigwe tu dume aliyefikisha miaka mitano au sita, ambaye watoto wake wa kwanza wameshakua. Tanzania ikaweka kikomo cha miaka sita mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwindaji anatakiwa kutazama pua: ya simba kijana ni ya waridi, kisha madoa meusi huongezeka mwaka hadi mwaka, na dume wa miaka mitano huwa na weusi wa nusu ya pua hivi. Baada ya hapo fuvu na meno hukaguliwa. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kanuni bora tulizowahi kuweka, kwa sababu inamlazimisha mtu kumjua mnyama kabla ya kumlenga.

Sasa mpeleke mtu huyo huyo kwa tembo akiwa na sheria ya nyati kichwani, "dume mzee hana kazi", na ataharibu. Watafiti wa Amboseli, upande wa Kenya, wamefuatilia tembo wale kwa zaidi ya miaka hamsini, na walichokiona ni kinyume: madume wa zaidi ya miaka 35 ndio wanaozalisha watoto wengi, na vijana hujifunza utulivu kwao. Tembo hao huvuka mpaka kuja Longido, kwenye eneo la Enduimet, bila kujua wamebadilisha nchi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na makubaliano ya kutowawinda upande wetu. Kuanzia 2023 madume wakubwa wakaanza kupigwa tena, na wanasayansi wakapinga hadharani. Kanuni ya ukubwa wa pembe za tembo ipo, lakini pembe kubwa ndizo za dume yule yule anayehitajika. Naamini kabisa makubaliano yale yangerudishwa, na kwa maandishi.

"Mwenye pembe ndefu ndiye dume"

Kwa swala pala, sawa, jike hana pembe. Kwa pofu na choroa, majike nao wana pembe, na za jike la choroa mara nyingi ni ndefu na nyembamba kuliko za dume. Kanuni inayosifu urefu pekee inamsukuma mgeni kwa jike. Anayeongoza uwindaji tambarare za Longido au Natron anapaswa kutazama unene wa pembe kwenye shina na upana wa shingo, si rula.

"Tufanye kama Marekani, wao wamefaulu"

Wageni wengi wanaopita hapa ni wawindaji wa kulungu kwao, na wanasimulia vizuri. Kulungu wa mkia mweupe walibaki laki chache tu mwanzoni mwa karne ya 20. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Mbwa mwitu wao waliondolewa sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo shida ya majimbo mengi ni kulungu kuzidi, kumaliza miche ya msitu na kugongwa na magari. Mwaka 2002 Pennsylvania ilibadilisha kanuni: dume lazima awe na idadi fulani ya matawi kwenye pembe, ili vijana wasipigwe, na wakati huo huo majike wengi zaidi wakaruhusiwa kuuawa ili idadi ishuke.

La kuwalinda madume vijana tunaweza kujifunza kwao, na kwa simba tumeshafanya. La kupiga majike lilikuwa dawa ya wingi. Huku bado kuna simba, fisi, chui na ukame, na hatuna wingi wa kupunguza. Mtu akikuambia tuige lote, muulize ni nyumbu gani waliozidi Simanjiro.

"Mabucha yamefunguliwa, basi nyamapori ni ruksa"

Hapana. Kanuni za mabucha ya nyamapori za 2020 zinataka bucha lisajiliwe na nyama iwe na chanzo halali kinachoonyeshwa kwa karatasi. Kipande cha swala ndani ya mfuko mweusi, kinachouzwa jioni nyuma ya duka bila risiti, ni nyara ya serikali na kesi yake ni nzito. Twiga hawindwi kwa leseni ya aina yoyote.

"Wanyama wetu wanamalizwa na wageni wenye bunduki"

Narudi pale nilipoachia. Mgeni mwenye leseni anapiga wanyama walioandikwa kwenye leseni yake, mchana, mbele ya askari wa wanyamapori. Waya wa breki uliofungwa kitanzi kwenye njia ya wanyama hauchagui. Unamkamata jike mwenye mimba, unamkamata ndama, na asiyefikiwa mapema na mtegaji huoza hapo hapo. Pikipiki na tochi kali usiku ni mbaya zaidi: swala akimulikwa macho husimama tuli, na wanaume wawili wenye panga wanaweza kupita na wanyama kadhaa kabla ya alfajiri. Njia zote hizo haramu, na hakuna mgawo, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa, unaozihesabu.

Halafu kuna ardhi. Nyumbu wa Tarangire hutoka hifadhini mvua zikianza, wakaenda kuzaa kwenye nyasi fupi za Simanjiro, zenye madini wanayohitaji kwa maziwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamepungua sana, huku njia zao zikigeuka mashamba moja baada ya nyingine. Ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa Kwakuchinja, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati, umebanwa vivyo hivyo. Kijiji cha Terrat kilifanya jambo la maana mwaka 2005: kiliingia mkataba na kampuni za utalii zilipe kila mwaka, tambarare isilimwe, wafugaji waendelee kulisha humo pamoja na nyumbu. Mikataba ya namna hiyo inahitajika kwenye vijiji vingine vya Simanjiro kabla trekta halijafika, na halmashauri ndizo zenye uwezo wa kuisukuma sasa hivi, kupitia mipango ya matumizi bora ya ardhi.