Taa za Hanuka ziliwashwa vita vikiendelea: dhana potofu na ukweli

Wasomaji wa Injili ya Yohana wamekutana na sikukuu hii katika sura ya 10, aya ya 22: Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Wayahudi huiita Hanuka, ukumbusho wa Hekalu la Yerusalemu kusafishwa na kutabarukiwa upya baada ya kunajisiwa. Huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislevu, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na hudumu siku nane. Mengi husemwa juu yake, na baadhi yanafuta kabisa ujasiri wa watu walioianzisha.

Dhana: Hanuka ni Krismasi ya Kiyahudi.
Sivyo. Ilianza mwaka 164 K.K., kabla Yesu hajazaliwa. Tena si sikukuu kubwa: Torati haikuiagiza, na kazi hazikatazwi siku hizo.

Dhana: Wayahudi wote walikuwa upande mmoja, Wagiriki upande wa pili.
Adui alikuwa na washirika ndani ya Yerusalemu. Yasoni, Myahudi, alinunua ukuhani mkuu kwa Antioko Epifane, mfalme wa Kigiriki aliyetawala Yudea, kisha Menelao akaahidi fedha nyingi zaidi na kumpokonya. Mwaka 167 K.K. Antioko alipiga marufuku tohara na Sabato, vitabu vya Torati vikachomwa, na madhabahu ya kipagani ikajengwa juu ya madhabahu ya Hekalu. Kuhani Matathia alipoasi huko Modini, wa kwanza kumuua alikuwa Myahudi mwenzake aliyejitokeza kutoa sadaka ya kipagani iliyoamriwa na mfalme. Anayesimulia habari hii bila mpasuko huo anasimulia nusu yake.

Dhana: Mcha Mungu wa kweli angekubali kufa kuliko kupigana siku ya Sabato.
Wapo waliofanya hivyo. Waliokimbilia mapangoni nyikani walishambuliwa siku ya Sabato, wakakataa kurusha hata jiwe au kuziba mlango wa pango. Walikufa wapatao 1,000, pamoja na wake na watoto wao. Matathia na wenzake walipopata habari waliona kwamba wote wakienda njia hiyo watafutika haraka katika nchi, wakaamua: tukishambuliwa siku ya Sabato, tutajitetea.

Baadaye marabi waliweka kanuni pana zaidi: kuokoa uhai hutangulia Sabato, kwa kuwa Walawi 18:5 inasema mtu ataishi kwa amri hizo. Mambo matatu tu ndiyo ambayo mtu hufa kuliko kuyatenda: kuabudu sanamu, kuzini na aliyeharamishwa, na kuua. Lakini mtawala anapolazimisha watu kuvunja amri ili kuiua dini yenyewe, hata desturi ndogo haiachwi. Eleazari, mwandishi mwenye miaka 90, aliishi hivyo kabla kanuni haijatungwa. Alishauriwa kula nyama halali huku akijifanya anakula ya nguruwe. Akakataa, vijana wasije wakapotoshwa naye, akauawa.

Dhana: Walimshinda adui, amani ikaja, ndipo wakasherehekea.
Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yuda Makabayo, mwana wa Matathia, alipoingia Hekaluni, askari wa mfalme walikuwa bado ndani ya Akra, ngome iliyokuwa jirani na Hekalu. Ilibidi Yuda apange kikosi cha kuwakabili walio ngomeni huku makuhani wakisafisha. Mawe ya madhabahu iliyonajisiwa hayakutupwa. Yaliwekwa kando mpaka atokee nabii wa kusema yafanyiwe nini, na madhabahu mpya ikajengwa kwa mawe yasiyochongwa. Baada ya siku nane za shangwe walijenga kuta na minara kuuzunguka mlima wa Hekalu.

Walijua vita havijaisha. Yuda aliuawa mwaka 160 K.K., na Akra ilitekwa mwaka 141 K.K. na ndugu yake Simoni, miaka 23 baada ya sherehe ile.

Dhana: Vitabu vya Wamakabayo, vyenye habari za vita hivi, vinasimulia muujiza wa mafuta.
Habari ya chupa moja ya mafuta iliyowaka siku nane imo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa karne nyingi baadaye. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinatoa sababu nyingine ya siku nane: walisherehekea kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, waliyoikosa walipokuwa wakiishi milimani na mapangoni.

Dhana: Kinara cha Hanuka ni kile cha Hekaluni.
Cha Hekaluni kilikuwa na matawi saba. Cha Hanuka kina nafasi tisa: nane za siku nane na moja ya mshumaa wa kuwashia, uitwao shamashi. Mwanga wa ile minane hautumiki kusomea wala kufanyia kazi, ndiyo maana shamashi hukaa juu au pembeni. Kila usiku huongezwa mshumaa mmoja. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini wa kuwashwa kwanza ni mpya, ulio kushoto. Kwa siku zote inahitajika 44, pamoja na shamashi wa kila usiku.

Wengi hukosea Ijumaa. Taa za Hanuka lazima ziwashwe kabla ya zile za Sabato, kwa sababu Sabato ikishaingia kuwasha moto ni marufuku. Na kwa kuwa zinatakiwa kuwaka nusu saa baada ya giza kuingia, mishumaa midogo ya kawaida haitoshi. Chukua mirefu zaidi au mafuta mengi zaidi.

Mahali pa taa ni mlangoni au dirishani, watu waione. Talmudi imeongeza sharti moja: wakati wa hatari, iweke mezani ndani ya nyumba, inatosha.