Kusitisha mapigano, kusalimu amri na amani ni vitu vitatu tofauti

Kila ikifika Novemba naona watu wanaandika, na wengine ni walimu kabisa, kwamba tarehe 11 Novemba 1918 Ujerumani ilisalimu amri na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha. Safari hii nimeikuta imeongezewa chumvi, eti siku hiyo hiyo ndo Mjerumani alinyang'anywa Tanganyika. Na kwenye habari za vita vya siku hizi ni yale yale, ikitangazwa tu kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha mapigano mtu anaandika "hatimaye amani imepatikana". Hapana jamani, hebu tuliweke sawa hili jambo maana limekuwa sugu.

Maana yenyewe haina ugumu. Kusitisha mapigano ni makubaliano kati ya wanaopigana kwamba silaha zinyamaze, kwa muda fulani na kwa masharti fulani, huku kisheria vita bado vipo palepale. Kusalimu amri ni upande mmoja kuweka silaha chini na kujikabidhi kwa mwenzake, na anayesalimu amri anaweza kuwa askari mmoja, kikosi kimoja au nchi nzima. Mkataba wa amani ndo unaomaliza vita, unasema nani kachukua nini, nani analipa nini, mpaka unapita wapi. Ni kama majirani wanaogombania shamba, mjumbe akija akasema wekeni mapanga chini mpaka baraza likae, hapo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa na shamba lenyewe bado halijagawanywa.

Sasa kinachowachanganya watu kuhusu 1918 ni kwamba masharti yalikuwa makali mno. Wajumbe wa Ujerumani waliletwa kwenye behewa la treni lililosimama msitu wa Compiègne, kaskazini mwa Paris, wakakutana na Jemadari Foch wa Ufaransa, mkuu wa majeshi ya mataifa yaliyoungana dhidi ya Ujerumani, ambaye kimsingi hakuja kujadiliana, alikuja na karatasi. Saini zikawekwa saa 11 alfajiri ikiwa imepita kidogo, na mapigano yakatakiwa yasimame saa 5 asubuhi, yaani katikati hapo kuna karibu masaa sita ambayo watu waliendelea kuuawa huku wakubwa wanajua saa ya mwisho ni ipi. Mmarekani mmoja anaitwa Henry Gunther aliuawa dakika moja kabla ya saa 5. Dakika moja.

Masharti yenyewe: Ujerumani iondoke Ufaransa, Ubelgiji, Luxembourg na Alsace-Lorraine ndani ya siku 15, ikabidhi mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000, vichwa vya treni 5,000 na mabehewa 150,000, na meli za Waingereza ziendelee kuzuia chakula na bidhaa kuingia Ujerumani kwa bahari. Mtu akisoma hiyo orodha lazima aseme huyu kashindwa, na kweli kivita alikuwa kaishiwa. Lakini angalia muda wake, makubaliano yalikuwa ya siku 36 tu! Yakaongezwa Desemba, yakaongezwa Januari, yakaongezwa tena Februari, na muda wote huo majeshi ya Foch yalikuwa tayari kuingia vitani upya kama Berlin ingegoma. Kile kizuizi cha baharini hakikuondolewa mpaka Julai 1919, kwa hiyo mama wa Kijerumani aliyekuwa anapanga foleni ya mkate kipindi hicho chote, kwake vita havikuwa vimeisha hata kidogo.

Na kuna kitu kingine ambacho bila kutofautisha haya maneno huwezi kukielewa. Siku ile ya tarehe 11 jeshi la Ujerumani lilikuwa bado limekaa kwenye ardhi ya watu, Ubelgiji na Ufaransa, sio kwao. Halikusalimu amri. Lilirudi nyumbani limepanga mistari na bunduki zake begani, na Desemba Friedrich Ebert, aliyekuwa anaongoza serikali mpya, akawapokea Berlin na kuwaambia hakuna adui aliyewashinda. Wakati huo huo aliyeongoza ule ujumbe wa kutia saini hakuwa jenerali, alikuwa mwanasiasa raia, Matthias Erzberger. Majenerali walikaa pembeni wakamwacha raia abebe mzigo, halafu miaka iliyofuata ukaenezwa uongo kwamba jeshi lilikuwa halijashindwa, lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa na Wayahudi. Agosti 1921 Erzberger akapigwa risasi akafa. Hitler alikuja kuutumia huo uongo mpaka basi.

Lakini mimi nataka nikae zaidi huku kwetu, kwa sababu huku ndo hii tofauti iligusa watu kabisa.

Tarehe 11 Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck halikuwepo hata Tanganyika. Lilikuwa limevuka Ruvuma tangu Novemba 1917, likawapiga Wareno pale Ngomano tarehe 25 Novemba mwaka huo na kuchukua silaha zao, likazunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, Septemba 1918 likarudi upande wa Songea na kupita Njombe, halafu likaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Nyuma yao wanafukuzwa na KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika, wale wazee wetu walikuwa wanawaita Keya. Mji wa Kasama Wajerumani waliuingia bila upinzani wa maana, na tarehe 12 kikosi chao cha nyuma kilikuwa bado kinarushiana risasi na KAR huko jirani. Ulaya kumeshanyamaza tangu jana yake, huku porini hakuna anayejua.

Tarehe 13 ndo akakamatwa mpanda pikipiki wa Kiingereza akiwa na telegramu ya Jenerali van Deventer, mkuu wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki, inayosema mapigano yamesimama pande zote. Kesho yake asubuhi, kwenye mto Chambeshi, mkuu wa wilaya ya Kasama, Hector Croad, akaonana na Lettow na kumthibitishia. Pale mtoni kuna mnara mpaka leo wa kumbukumbu ya asubuhi hiyo.

Sasa sikiliza, hapa ndo penyewe. Lettow alipopata habari kwamba mapigano yamesitishwa, alichofikiria ni nini? Mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliamini vita lazima vimeisha vizuri kwa Ujerumani, au angalau sio vibaya. Na hakuwa mjinga, alikuwa mwanajeshi wa miaka mingi anayejua kwamba "kusitisha mapigano" kwenyewe hakusemi nani kashinda. Ukiambiwa mapigano yamesimama unajua tu yamesimama. Angeambiwa Ujerumani imesalimu amri asingekuwa na cha kufikiria.

Halafu yakaja masharti. Yale makubaliano ya Compiègne yalikuwa na kifungu chetu kabisa, kifungu cha 17, kinachohusu majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki. Kwenye rasimu aliyokuja nayo Foch kiliandikwa kwamba majeshi hayo yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani wakapinga, wakasema watu hawa wamepigana miaka minne hawajashindwa, haiwezekani wasalimishwe hivyo, na hilo ni moja kati ya mambo machache sana waliyokubaliwa kwenye lile behewa, kifungu kikabadilishwa kikawa majeshi hayo yaondoke Afrika Mashariki katika muda utakaopangwa na washindani wao. Kuondoka, sio kusalimu amri. Lakini telegramu iliyomfikia Lettow ilikuwa na maneno ya ile rasimu ya kwanza, kusalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja, na yeye akatii hayo. Cha kushangaza ukisoma maandishi ya ule mnara wa Chambeshi, yenyewe yanasema kuondoka.

Kwa hiyo wakatembea mpaka Abercorn, Mbala ya leo, na tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, wakaweka silaha chini mbele ya Brigedia Jenerali Edwards wa Waingereza. Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi wengi kuliko askari. Bunduki walizokabidhi karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, na mzinga mmoja waliokuwa nao ulikuwa wa Mreno. Huko ndo kusalimu amri kwa kweli, na ndo kulikomaliza vita kwenye ardhi yetu, siku 14 baada ya tarehe ambayo tunafundishana kwamba vita viliisha.

Unaweza kusema haya ni maneno tu, kuondoka au kusalimu amri si yote wameacha vita. Sio sawa, hasa kwa waliokuwa weusi. Mwanajeshi anayeondoka anabaki mwanajeshi, aliyesalimu amri ni mateka. Maofisa wa Kizungu waliruhusiwa kubaki na silaha zao binafsi kwa heshima ya walivyopigana, askari Waafrika wakanyang'anywa zote na kuwekwa kwenye kambi iliyozungushiwa boma la miiba. Askari na wapagazi walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu sana, Lettow akaomba Waingereza wamkopeshe hela awalipe, wakakataa, wakaishia kuandikiwa vyeti kwamba wanadai. Yaani mtu umebeba mzigo wa mwenzio kutoka Ruvuma mpaka Msumbiji mpaka Chambeshi, umezika ndugu njiani, unarudi kwenu na karatasi. Na huo ndo ulikuwa mwezi ambao homa kali ya mafua ya 1918 inapita kijiji kwa kijiji ikiua watu waliokwisha kuporwa mifugo na chakula na majeshi yote mawili. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanawakadiria karibu laki moja, wengi wao kwa njaa na magonjwa, sio risasi. Kuwaambia wajukuu wa hao watu kwamba tarehe 11 Novemba amani ilipatikana ni kuwakosea.

Na Tanganyika? Haikunyang'anywa na Compiègne, na wala haikunyang'anywa Abercorn. Waingereza walikuwa wameikalia kwa nguvu tangu 1916 na 1917, ila kukalia nchi ya mwenzio wakati wa vita hakukupi hati yake. Ujerumani ilikana haki zake zote za makoloni kwenye Mkataba wa Versailles uliosainiwa tarehe 28 Juni 1919, mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 10 Januari 1920, na mgawanyo ukakaa hivyo, Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, kipande cha Kionga kusini mwa Ruvuma kwa Wareno, iliyobaki kwa Muingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Jina lenyewe la Tanganyika kama nchi ni la 1920. Kwa hiyo anayeandika kwamba 11 Novemba 1918 "Tanganyika ilichukuliwa" anataja nchi ambayo ilikuwa haijapewa hilo jina.

Wakubwa wa vita vilivyofuata waliielewa hii tofauti kuliko sisi. Juni 1940 Ufaransa ilipozidiwa, Hitler aliagiza lile behewa litolewe makumbusho lirudishwe palepale Compiègne, Wafaransa wakasainishwa humo makubaliano ya kusitisha mapigano, na kwa sababu yalikuwa ni hayo na sio kusalimu amri kwa nchi nzima, Ufaransa ilibaki na serikali yake kule Vichy, ikabaki na makoloni na meli zake za vita. Januari 1943 pale Casablanca Rais Roosevelt wa Marekani akatangaza kwamba safari hii hakuna cha kusitisha mapigano, Ujerumani, Italia na Japani zitasalimu amri bila masharti, maana walishaona ule uongo wa kisu mgongoni ulizaa nini. Na Mei 1945 aliyetia saini kusalimu amri kwa Ujerumani pale Reims, Ufaransa, hakuwa raia, alikuwa Jenerali Jodl, na Berlin akaitwa Keitel mwenyewe, mkuu wa majeshi, ili asije mtu akasema tena kwamba jeshi halikuwepo. Japani ikasaini yake Septemba 2, 1945, lakini mkataba wa amani na wengi wa waliopigana nayo ulisainiwa San Francisco 1951 na kuanza kufanya kazi Aprili 1952, karibu miaka saba baadaye. Korea wao walisitisha mapigano Julai 27, 1953 na mkataba wa amani hawajausaini hadi leo.

Kwa hiyo ndugu zangu, na hasa walimu, naomba tu hivi. Kwa 11 Novemba 1918 andikeni kwamba mapigano ya Ulaya yalisitishwa. Kwa Afrika Mashariki andikeni 25 Novemba, Mbala, jeshi la Lettow-Vorbeck lilisalimu amri. Ukitaka siku Ujerumani ilipofungiana amani na mataifa yaliyoishinda basi ni 28 Juni 1919, na kama swali ni lini Mjerumani alipoteza koloni lake kisheria, jibu ni 10 Januari 1920. Mwanafunzi akiandika hizi tarehe msimkate maksi.