Mauntini baiki ya lami na ya vumbi: anza na mizani, shokapu baadae

Jumamosi mteja kaja kijiweni na baiskeli mpya kabisa, nailoni bado imezungushiwa kwenye fremu, shokapu mbele shokapu nyuma, diski, gia 21, ananiambia fundi hebu iangalie hii, nikiipandisha Ilboru nafika juu nimekata pumzi kama nimebeba gunia. Nikaitundika kwenye mizani, kilo 17 na kidogo. Nikatundika na ya kwangu ya mtumba ninayokuja nayo kazini kila siku, alumini, haina shokapu ya nyuma, kilo 12 na nusu. Akanyamaza.

Hapa Arusha baiskeli moja ndo inafanya kazi zote, Jumatatu unakata nayo lami kuzunguka Mnara wa Saa, Jumapili uko kwenye vinjia vya mashambani kuelekea Meru, mawe, mizizi, na masika tope. Kwa matumizi hayo mi nasema wazi, shokapu ya nyuma ya bei rahisi achana nayo. Ile ni springi tupu, haina kitu cha kuituliza, kila ukikanyaga pedali inabonyea, yaani nguvu ya mguu inaishia kwenye springi wakati wewe unaitaka kwenye tairi. Alafu yale maungio yake yana bushi, vumbi letu likishaingia humo nyuma kunaanza kucheza. Za nyuma nzuri zipo, za hewa, zina loki ya kuzizuia zisibonyee, ila hizo ni baiskeli za mamilioni na zina maana kwa mtu anayeshuka kwenye miamba kwelikweli.

Hata ya mbele iangalie vizuri. Foki, ile inayoshika gurudumu la mbele, ya springi ya bei chee inafika kilo 2 na nusu au zaidi, ya hewa iliyotulia inacheza kwenye kilo moja na nusu mpaka mbili, na foki ya kawaida isiyo na shokapu ni kama kilo moja tu. Kama hela haitoshi kununua foki ya hewa chukua isiyo na shokapu kabisa, weka tairi pana la inchi 2.2, lile tairi lenyewe ndo shokapu yako.

Sasa tuje kwenye magurudumu, hapa ndo watu hawaangalii kabisa na mi ndo naanzia hapa. Ukiwa mjini unasimama unaondoka, daladala imekuchomekea, bodaboda imekatiza, na kila unapoondoka uzito ulioko kwenye rimu na tairi unausukuma karibu mara mbili, kwa sababu unaupeleka mbele na hapohapo unauzungusha. Kwa iyo nusu kilo ukiitoa kwenye rimu utaisikia kuliko nusu kilo ya kwenye fremu. Nenda dukani na kasumaku kadogo, rimu ikinasa ni chuma, iache. Fremu ikinasa usiikimbie haraka, kromoli nayo ni chuma na ni nyepesi na inavumilia, ila ukiinyanyua tu mkono utakwambia.

Saizi usome ubavuni mwa tairi, kuna namba: 559 ndo ile inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Hiyo 29 inapita juu ya mawe vizuri zaidi na uzuri wake mwingine rimu yake ni kipimo kilekile cha 700C, ile ya baiskeli za lami, kwa iyo kama wiki nzima uko lami unaweza kufunga tairi jembamba kidogo na wikendi ukarudisha la kashata, yale meno ya tairi, ilimradi upana wa rimu unaruhusu. Ukitaka tairi moja la kazi zote tafuta lenye kashata fupi zilizobanana katikati na ndefu pembeni. Upepo lami weka kama psi 40, kwenye vumbi shusha mpaka 30, usishuke sana kama una tyubu maana jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na tyubu itatoboka matundu mawili. Na kwa sababu ya mbigili, mwenye uwezo aweke tyublesi, tairi lisilo na tyubu, na dawa yake ya kuziba matundu, utanishukuru.

Gia 21 zisikutishe, nyingi zinajirudia. Sproketi moja mbele ya meno 32 na kaseti, ile seti ya gia za nyuma, ya meno 11 mpaka 51 inatosha, kwenye 29 gia nzito zaidi inakupeleka karibu mita 6.7 kwa mzunguko mmoja wa pedali, ukizungusha mara 80 kwa dakika uko kilomita 32 kwa saa, na ile nyepesi ni kama mita 1.4 tu, hiyo unapanda nayo kilima chochote. Ila hakikisha ni kaseti kweli. Friwili, seti ya gia inayofungwa kwenye habu kwa kuzungushwa kama skrubu, inaacha beringi ya kulia ndani mbali, ekseli inabaki inaning'inia, ukipiga mawe inapinda au inakatika, nimezibadilisha nyingi sana. Breki diski za waya zinatosha, na unazirekebisha mwenyewe njiani.

Yule wa Jumamosi ya kwake anaitafutia mteja. Nimemtengea ya mtumba, 29, alumini, foki ya hewa, imebaki cheni na kaseti, Alhamisi jioni tunaipandisha Ilboru pamoja kabla hajalipa.