Komwe 21 na sheria ya kuvunjwa

Nafundisha hisabati hapa Tanga, na kifaa ninachokitegemea kuliko vyote ni komwe, zile zile kete za bao. Mchezo wa kwanza ni huu: weka komwe 21 mezani, wawili wapokezane, kila mmoja kwa zamu yake achukue 1, 2 au 3. Anayechukua ya mwisho ndiye mshindi.

Mwanzoni watoto hubahatisha. Kisha mmoja anagutuka: "Mwalimu, nikimwachia 4 hanipati!" Kweli, maana mwenzake akichukua 1 yeye anazoa 3, akichukua 2 naye 2, akichukua 3 anamalizia 1. Wanarudi nyuma wenyewe: 8, 12, 16, 20. Vigawe vya 4. Basi anayeanza achukue 1 tu, ameshashinda.

Wengi huishia hapo, na kwangu ndipo utamu unapokatwa. Mimi huwaambia: haya, vunjeni sheria. Kikundi kimoja kikaamua mtu achukue 1, 3 au 4, 2 marufuku. Vigawe vya 4 vikafa palepale, kwa kuwa aliyeachiwa 4 anazoa zote. Wakaanza kuandika upya nani yuko taabani: mwenye zamu zikiwa 2, au 7, au 9, au 14, au 16. Gawanya kwa 7. Baki ikiwa 0 au 2, mwenye zamu hana pa kutokea. Kwa nini 7? Akichukua 3 unajibu 4, akichukua 4 unajibu 3, na akichukua 1 zinabaki 6, unachukua 4, unamwachia 2. Na 21 ni kigawe cha 7, kwa hiyo sasa anayeanza ndiye anayeshindwa!

Mwaka 1901 mwanahisabati Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha ufumbuzi kamili wa mchezo wa jamii hii wenye mafungu kadhaa, akauita Nim. Wazee wetu wa bao nao wanaijua nguvu ya sheria: kete ni 64 na mashimo 32, lakini anayejifunza hupanga 2 kila shimo, ilhali bao la Kiswahili huanza na kete 10 kwa kila mchezaji, 22 zikibaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Ubao ule ule, fikra nyingine kabisa.

Sasa wanafunzi wanataka anayechukua ya mwisho ndiye ashindwe, kwa sheria ya 1, 2 au 3. Tayari ubaoni wameandika 1, 5, 9, na wanabishana kuhusu 21.