Je, Wajua Kompyuta Mbili Zilivyoweza Kutumia Simu Moja ya Intaneti Bila Waya?

Intaneti ya kupiga simu, iliyotawala majumbani Marekani na Ulaya katika miaka ya 1990, ilikuwa na sharti gumu: modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, ilipopiga namba ya mtoa huduma, laini nzima ilishikwa mpaka simu ikatwe. Mtoa huduma naye, akisha kukagua jina na nywila, aliipa kompyuta iliyopiga anwani moja tu ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti, ambayo ilidumu kwa muda wa simu hiyo na kurudishwa simu ilipokatika. Hata hivyo, kufikia mwaka 1999 familia yenye kompyuta mbili iliweza kuziingiza zote kwenye intaneti kwa wakati mmoja, moja ikiwa karibu na tundu la simu na nyingine chumba cha pili, pasipo waya wowote kati yao. Iliwezekanaje, ilhali simu ilikuwa moja na anwani ilikuwa moja?

Wengi hudhani kwamba jibu limo katika mawimbi ya redio, lakini mawimbi yalikuwa sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Kiwango cha 802.11b cha mtandao wa redio (Wi-Fi), kilichoidhinishwa mwaka 1999, kilisafirisha hadi megabiti 11 kwa sekunde katika masafa ya gigahezi 2.4, wakati modemu bora ya nyumbani haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. Njia ya hewani ilikuwa pana kuliko laini ya simu kwa karibu mara 200. Kadi mbili za redio ziliweza pia kuzungumza moja kwa moja, bila kifaa cha tatu katikati, mradi zote ziwe kwenye chaneli moja na kutumia jina moja la mtandao.

Ugumu hasa ulikuwa katika anwani. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha waraka ulioeleza jinsi ya kutafsiri anwani za mtandao, na mwaka 1996 yakatengwa rasmi mafungu ya anwani za matumizi ya ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168, ambazo nyumba au ofisi yoyote inaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa kwa kuwa hazisafirishwi kwenye intaneti ya nje. Kompyuta yenye modemu, ambayo tutaiita kompyuta ya lango, hubaki na anwani mbili: ile iliyopewa na mtoa huduma, tuseme 203.0.113.7, na nyingine ya ndani, kwa mfano 192.168.0.1. Kompyuta ya chumbani hupata ya ndani tu, kama vile 192.168.0.2.

Kompyuta ya chumbani inapoomba ukurasa wa tovuti, pakiti yake, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, huruka hewani hadi kwenye lango ikiwa imeandikwa anwani ya 192.168.0.2 kama mtumaji. Ikiachwa hivyo, jibu halitarudi kamwe, maana hakuna seva ya nje inayoijua njia ya kufika kwenye anwani hiyo. Kwa hiyo lango hufuta anwani ya ndani, huandika 203.0.113.7 mahali pake, hubadilisha ikibidi namba ya poti, yaani namba inayotofautisha mazungumzo yanayotumia anwani moja, kisha hutunza kumbukumbu kwenye jedwali: poti fulani ni ya kompyuta ya chumbani. Jibu likirudi, lango husoma namba ya poti, hutazama jedwali, huirejesha anwani ya ndani na kuipeleka pakiti kwa mwenyewe. Ni kama shule yenye sanduku moja la posta: barua zote hufika kwenye S.L.P. ile ile, na jina la mwanafunzi ndilo linalomwelekeza mpokeaji wa barua ampe nani. Poti ni namba ya biti 16, hivyo zipo 65,536, nafasi ya kutosha sana kwa kompyuta mbili. Kwa mtoa huduma, aliyepiga simu anaonekana kuwa mmoja.

Kazi hii ya lango iliweza kufanywa na programu au na kifaa maalumu. Microsoft iliweka uwezo wa kushiriki muunganisho wa intaneti ndani ya Windows 98 Toleo la Pili, mwaka 1999, na hapo ilihitajika kompyuta ya lango iwe imewashwa muda wote, kwani ikizimwa, mwenzake naye hukatika. Mwaka huo huo Apple ilileta kituo cha AirPort, kilichouzwa kwa dola 299, chenye modemu ya kilobiti 56 na redio ndani ya kasha moja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichokuwa suluhisho bora zaidi, kwa sababu kilipiga simu chenyewe na hakikuifanya kompyuta yoyote kuwa mtumwa wa nyingine.

Kasi haikuongezeka, iligawanywa. Kupakua faili la megabaiti moja kulichukua takriban dakika mbili na nusu kwa kasi kamili, na karibu dakika tano iwapo wote wawili walipakua kwa pamoja. Waliokuwa wakisoma tu hawakusumbuana sana, maana mtu anaposoma ukurasa uliokwisha kufunguka laini huwa haina kazi. Kero ilizuka mmoja alipotuma barua pepe yenye picha. Katika V.90, kiwango cha modemu za kilobiti 56, data ya kutoka nyumbani haikuzidi kilobiti 33.6 kwa sekunde, na taarifa ndogo za kukiri kupokea, ambazo kompyuta ya pili ililazimika kuzirudisha ili seva iendelee kuituma data, zilikwama kwenye foleni nyuma ya picha hiyo. Upakuaji wa mwenzake ukazorota ingawa njia ya kuingia ilikuwa wazi.

Mbinu hiyo ina mpaka mwingine: ombi linaloanzia nje halimo kwenye jedwali, hivyo lango hulitupa. Hilo huzikinga kompyuta za ndani, lakini pia huzuia mtu wa nje kuifikia seva iliyo nyumbani bila mpangilio maalumu.

Anayewasha hotspoti ya simu leo Mombasa au Mwanza ili kompyuta yake itumie bando anaitegemea kazi hiyo hiyo ya lango, modemu ikiwa sasa ndani ya simu. Mara nyingi kampuni ya simu nayo hutafsiri anwani kwa mara ya pili, ikiwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na mwaka 2012 fungu la anwani linaloanzia 100.64 lilitengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ndiyo maana anwani ambayo simu yako inaonyesha kwenye mipangilio huenda isilingane na ile inayoonwa na tovuti unayoitembelea.