Utani ni nini, na nani ana haki ya kutania?

Utani ni uhusiano baina ya watu au makundi ya watu ambao mila imewaruhusu kutupiana maneno makali, kudhihakiana na hata kuchukuliana vitu vidogo vidogo, na aliyetaniwa hapaswi kununa. Mtu huwa mtani kwa nasaba, kwa ndoa au kwa kabila lake, hata kama hana ucheshi wowote. Siku hizi neno hili hutumiwa ovyo, na kila aliyemuudhi mwenzake hujitetea kwamba alikuwa anatania tu, jambo ambalo linaivunjia heshima mila yenye kanuni zake.

Ndani ya familia, utani hupatikana hasa baina ya babu au bibi na wajukuu, baina ya mashemeji, na kwa jamii nyingi baina ya watoto wa mjomba na wa shangazi. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu" na kumgombeza kwa kuchelewesha chai, naye mjukuu humjibu kwamba hana haja ya mume kibogoyo. Neno hilohilo mkwe akimwambia baba mkwe wake, ukoo mzima utaitwa kikao.

Utani wa makabila umeenea sana Tanzania, na mara nyingi chanzo chake ni safari au vita. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliteremka pwani na misafara ya pembe za ndovu, wakapita na kulala katika nchi ya Wazaramo, ambako walihitaji chakula, malazi na watu wa kuwazika waliofia njiani. Makabila hayo ni watani hadi leo. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, nao wanataniana. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza uhusiano wa namna hii kuwa mchanganyiko wa urafiki na uhasama, ambamo kutania kunaruhusiwa na pengine kunalazimu.

Lakini maana kamili ya utani huonekana msibani. Wakati wafiwa wanalia, mtani huingia akiwa amevaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akamlaumu kwa kukimbia madeni, na pengine akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha. Mgeni asiyejua mila atadhani ni ukatili. Kumbe mtani huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, akachota maji na kusimamia chungu cha chakula, kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Kwa maoni yangu, kiini cha utani ni hiki: anayepewa ruhusa ya kukutukana ni yule ambaye hawezi kukuacha siku ya shida.

Kwa sababu hiyo utani hauna budi kutofautishwa na kijembe au mpasho, ambao humlenga mtu kwa mafumbo, bila kumtaja, kwa nia ya kumchoma. Mchongoano wa vijana wa Kenya pia ni kitu kingine: ni shindano la kejeli za kubuni, ambamo yeyote anaweza kuingia, na wasikilizaji ndio waamuzi. Ushabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, uko karibu zaidi na utani, na ndiyo maana klabu hizo huitwa watani wa jadi. Shabiki wa timu iliyofungwa Jumamosi hujua kabisa atakachokikuta kazini Jumatatu.

Kazini, hata hivyo, utani huwa na ugumu wake. Mchaga na Mpare wanaweza kuitana mpenda fedha na bahili kutwa nzima wakacheka, kwa kuwa kila mmoja anaweza kujibu. Mmoja wao akiwa mkuu wa idara na mwingine akiwa mfanyakazi wa mkataba unaosubiri kuongezwa muda, maneno ni yaleyale, lakini wa chini atacheka hata yanapomuuma na hatathubutu kuyarudisha. Hapo kilichobaki ni dhihaka ya mwenye cheo.