Leza ya uso: mwanga unaochagua cha kuunguza

Neno leza siku hizi hutajwa saluni kana kwamba ni dawa moja inayotibu kila kitu: madoa, makovu ya chunusi, ndevu, makunyanzi. Leza si dawa, wala si mashine moja. Ni mwanga wa rangi moja tu, unaokwenda upande mmoja bila kutawanyika, wenye nguvu ya kuunguza kitu fulani ndani ya ngozi na kuacha kilicho jirani yake. Ukitaka kujua kama itakufaa au itakudhuru, uliza kwanza: mwanga huu utanaswa na nini usoni kwangu?

Anika nguo mbili juani, nyeusi na nyeupe. Baada ya robo saa ile nyeusi ina joto, nyeupe bado imepoa, ingawa jua lililozipiga ni moja. Ngozi nayo ina vitu vitatu vinavyonasa mwanga: melanini, yaani rangi yetu yenyewe, himoglobini iliyomo kwenye damu, na maji, ambayo yamejaa kila mahali. Kila kimoja hupenda mwanga wa urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita. Mwanga wa nanomita 585 hadi 595 hunaswa sana na damu, ndiyo maana hutumika kwa mishipa midogo iliyotanuka na alama nyekundu za kuzaliwa. Wa nanomita 755 hunaswa sana na melanini. Ule wa 1064 hunaswa na melanini kidogo tu, hivyo hupita tabaka la juu na kuzama chini. Wa 2940, na ule wa 10,600 unaotoka kwenye leza ya kaboni dioksidi, hunaswa na maji: chembe ya ngozi huchemka na kugeuka mvuke papo hapo.

Leza ya kwanza iliwashwa na mwanafizikia Theodore Maiman mwaka 1960, lakini kwa zaidi ya miaka 20 madaktari wa ngozi walikuwa wakiunguza pamoja na ambavyo hawakutaka kuviunguza. Mwaka 1983 madaktari wa ngozi Rox Anderson na John Parrish walieleza jambo linaloongoza kazi hii hadi leo: kuchagua rangi ya mwanga hakutoshi, lazima uchague na muda wa mpigo. Kila kitu ngozini hupoa kwa kasi yake. Mpigo ukiwa mfupi kuliko muda wa kupoa kwa shabaha, joto linabaki ndani ya shabaha. Ukizidi, joto linavuja na kupika majirani. Fundi anayejua kuongeza nguvu tu bila kuelewa urefu wa mpigo hajui nusu ya mashine yake.

Hapa ndipo ngozi nyeusi inapodai uangalifu. Melanini yetu iko tabaka la juu kabisa, na mwanga lazima upite hapo kabla ya kufika popote. Ukiwa wa aina inayopendwa na melanini, nguvu yote inaishia juu: malengelenge, kisha doa jeusi lisilotoka kwa miezi, au baya zaidi, doa jeupe pale ambapo chembe za rangi zimekufa. Doa jeusi la baada ya jeraha huonekana kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baadaye, wakati mtu ameshashukuru na kurudi kwake Njombe. Kwa sababu hiyo tunasisitiza jaribio: mipigo michache nyuma ya sikio au chini ya taya, halafu kusubiri wiki 4 kabla ya kugusa uso mzima. Anayekataa kukufanyia jaribio kwa madai kwamba mashine yake ni ya kisasa, muage.

Kuna mwanga mwingine unaouzwa kwa jina la leza na si leza. Unaitwa IPL. Ni taa yenye nguvu inayotoa rangi nyingi kwa pamoja, kisha kichujio huondoa baadhi. Kwa mtu mweupe unafaa kwa mambo kadhaa. Kwa ngozi nyeusi sana, usiukubali usoni. Sehemu kubwa ya mwanga wake hunaswa na melanini ya juu, na majeraha yake huwa na umbo la mstatili, sawasawa na kioo cha kifaa.

Leza inafaa wapi basi? Mahali inapong'ara kwetu ni vipele vya ndevu. Nywele iliyojikunja hunyolewa ikabaki na ncha kali, ikarudi kuchoma ngozi shingoni na chini ya taya. Kipele, usaha, doa, na wakati mwingine kovu nene. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 huunguza shina la unywele likiwa chini, huku ngozi ya juu ikipozwa kwa kifaa baridi au hewa ya baridi. Kwa kawaida huhitajika vipindi 4 hadi 6, kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu unywele hudhurika vizuri ukiwa katika hatua ya kukua, na si wote hukua kwa wakati mmoja. Nyoa kwa wembe au mashine siku moja kabla. Using'oe kwa kibano wala nta kwa wiki 4 kabla, maana ukiung'oa unywele umeondoa shabaha yenyewe, na leza itapiga tundu tupu. Mvi hazisikii leza, hazina melanini.

Vile vinyama vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na pembeni ya macho kadiri umri unavyosogea, mara nyingi mama na bibi wakiwa navyo pia, havina madhara yoyote. Anayetaka kuviondoa ana njia rahisi kuliko leza: ganzi ya kupaka kwa dakika 45 hadi 60, kisha umeme wa nguvu ndogo sana unaogusa kila kinyama mpaka kibadilike rangi kidogo, au mkasi mdogo kwa vyenye shingo. Kosa la kawaida ni kuunguza mpaka chini. Kinyama kinatoka, kinaacha kidoa cheupe mahali kilipokuwa, na uso wenye vidoa 40 vyeupe ni tatizo kubwa kuliko vinyama 40 vyeusi.

Makovu ya chunusi yanahitaji jicho kabla ya mashine, kwa kuwa si ya aina moja. Mashimo membamba yaliyozama kama tundu la sindano hayafikiwi vizuri na leza. Hukatwa kwa kisu kidogo cha duara na kushonwa, au huwekewa tone la asidi ndani ya tundu tu. Mabonde mapana yanayoonekana taa ikitoka pembeni yameshikiliwa chini na nyuzi ngumu. Daktari huingiza sindano nene na kuzikata, ngozi ikainuka. Vishimo vipana vyenye kingo ndivyo vinavyonufaika na leza ya kaboni dioksidi ya vitone, inayotoboa safu za vitundu na kuacha ngozi nzima katikati ili iponye jirani yake. Uso hupona kwa siku 5 hadi 7, lakini kolajeni mpya, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, hujengwa kwa miezi 3 hadi 6, kwa hiyo hukumu ya mwezi wa kwanza si hukumu. Kwa ngozi nyeusi hupunguzwa wingi wa vitone na kuongezwa idadi ya vipindi. Kwa maoni yetu, wengi wangeanza na kifaa cha sindano ndogo ndogo, urefu wa milimita 1.5 hadi 2.5, vipindi 3 au 4. Hakina joto, hivyo doa jeusi huwa nadra zaidi, na gharama huwa ndogo. Chunusi zenyewe lazima zitulie kwanza. Kutibu makovu huku vipele vipya vinaota ni kulima shamba lililo motoni.

Mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, yanayowapata zaidi wanawake, hasa wakati wa mimba au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango, ndiyo yanayowapeleka watu wengi kwenye leza, na ndiyo yasiyopaswa kuanzia huko. Yametokana na chembe za rangi zilizoamshwa na jua, homoni na joto. Joto la leza linaweza kuziamsha zaidi: baka hufifia wiki ya kwanza, kisha hurudi likiwa jeusi kuliko awali. Matibabu yake huanza na kinga ya jua yenye rangi, kwa sababu oksaidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga unaoonekana, pamoja na krimu za kuandikiwa na daktari kwa muda maalumu. Kuinamia jiko la kuni au la mkaa asubuhi na jioni nako hulichochea.

Na mkorogo tuuseme wazi. Hidrokwinoni, zebaki na steroidi zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, ila bado zinapatikana kwenye makopo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kidonda kupona. Leza juu ya ngozi ya namna hiyo huacha kovu. Hidrokwinoni iliyopakwa kwa miaka inaweza kuleta weusi wa kibuluu mashavuni ambao mashine huupunguza kwa shida. Mwambie daktari ulichopaka, hata kama kinakuaibisha, ukiwa na kopo lenyewe mkononi. Mtajie pia vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, na historia ya vidonda vya homa mdomoni, kwani virusi vyake vinaweza kusambaa uso mzima baada ya leza. Hukingwa kwa vidonge vinavyoanza kumezwa kabla ya kipindi.

Makovu yanayovimba na kutoka nje ya mpaka wa jeraha, yaani keloidi, hukaa zaidi masikioni, tayani, kifuani na mabegani. Kuikata pekee, iwe kwa kisu au leza, mara nyingi huirudisha, pengine ikiwa kubwa zaidi. Tiba ya kuanzia ni sindano ya triamsinoloni, aina ya steroidi, ndani ya kovu kila baada ya wiki 4 hivi. Ikikatwa, sindano hizo au mionzi hufuata.

Hili linagusa moja kwa moja upasuaji wa kuondoa uzee. Ngozi nyeusi haikunjiki mapema, melanini imeilinda. Huzeeka zaidi kwa kulegea na kupoteza mafuta ya mashavu, na kope za juu kushuka. Kuiparua kwa leza kwa hiyo hakuna maana sana. Upasuaji wa kuvuta uso hupitisha kisu mbele na nyuma ya sikio, mahali hasa keloidi inapopenda. Mwenye keloidi ya tundu la hereni afikirie mara mbili. Hatari ya kawaida ya upasuaji huu ni damu kujikusanya chini ya ngozi, hasa ndani ya saa 24, na presha isiyodhibitiwa ndiyo mchochezi. Mvutaji sigara huombwa aache angalau wiki 4 kabla, la sivyo ngozi nyuma ya sikio inaweza kufa. Upasuaji wa kope la juu ni mwepesi zaidi, hufanyika kwa ganzi ya sehemu, na kwa wazee ambao kope limefunika macho hurudisha uwezo wa kuona pembeni. Kanuni yake ni kubakiza angalau milimita 20 za ngozi kati ya nyusi na ukingo wa kope. Ukikata zaidi, jicho halifumbi tena, hukauka na kuumia.

Nyanda za Juu Kusini zina kitu kinachowadanganya watu: baridi. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa karibu asilimia 10. Mtu wa Makete amevaa koti mwezi wa saba na uso wake unapigwa na mionzi kuliko aliyeko ufukweni kwenye joto. Jua hupita utosini kwetu katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Oktoba mvua bado, anga ni jeupe. Usipange leza mwezi huo. Miezi ya mawingu ya masika ni bora zaidi, ingawa kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi na kinga ya jua ya SPF 30 kwenda juu ni za lazima wakati wowote. Kiasi cha kupaka ni mistari miwili iliyojaa, kila mmoja urefu wa kidole, kwa uso na shingo, ikirudiwa kila saa 2 ukiwa nje.

Wengi hutibiwa Dar es Salaam na kurudi kwa basi, zaidi ya kilomita 800. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayobabua lakini hupitisha ile inayoamsha rangi. Kaa upande wa njia, vaa kofia, na usisafiri siku ileile. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7 na kazi hiyo inaweza kufanyika hospitali ya mkoa ukiwa na barua. Zikikaa zaidi, huacha alama za ngazi.

Siku ya leza, osha uso bila kupaka chochote. Macho yako lazima yafunikwe na vikinga vya chuma, na kila aliyemo chumbani avae miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi la mashine hiyo. Mwanga wa 1064 hauonekani, lakini hutoboa retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Baadaye paka jeli ya petroli tupu mpaka ngozi ifunge. Usibandue gamba.

Kidonda cha usoni au mdomoni kisichopona kwa wiki 4, hasa kwa mtu mwenye ualbino, hakipigwi leza kabisa. Kinakatwa kipande na kupimwa kwanza, kwa sababu leza hufuta juu na kuiacha saratani ikiendelea chini. Ikithibitika, hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, milimita 4 au zaidi. Na baada ya tiba yoyote kati ya hizi, malengelenge, usaha, maumivu yanayoongezeka kuanzia siku ya 3, uvimbe wa ghafla upande mmoja, au jicho linalouma na kuona ukungu baada ya kope kukatwa, ni sababu ya kufika hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.